Matela ya kitanda inayopinda

Mama yangu alianguka mu shamba yake ya maharagi, kule Vuhovi, asubui moja, na jembe ingali mu mukono. Batu bale balikuwa naye banasema hakupiga kelele. Alikaa kwanza chini, sawa mutu mwenye kupumuzika, kisha akalala ubavu. Bakamubeba ku kipoyo ya miti mupaka ku barabara. Ku hopitali munganga akatuambia ni tension, damu imepanda ku kichwa, na upande ya kuume ya mwili imekufa. Alisema vile, "imekufa." Mimi nikaangalia ule mukono yake, mukono yenye ilinipigaka, yenye ilinishonea nguo ya komunyo ya kwanza. Ilikuwa inalala juu ya shuka kama kitu ya mutu mwingine.

Mungu alimuachia kinywa. Ilipinda kidogo, maneno ilikuwa inatoka pole pole, mais ilikuwa inatoka.

Siku ya kutoka ku hopitali, munganga akaniita ku bureau. "Mama, huyu muzee hawezi kulala chini kabisa. Chakula itakuwa inaingia ku mapafu. Mutafute kitanda yenye kichwa inapanda." Mu nyumba yetu ku Kimemi, hapa Butembo, kulikuwa vitanda tatu, zote za mbao. Hakuna hata moja yenye kitu inapanda.

Yaya yangu, dada mukubwa, aliolewaka ku Beni, anaishi mu komine Ruwenzori. Nilimuambia, na kesho yake akanipigia simu. "Nimeipata! Kwa jirani wangu, ule mujane. Bwana yake alilalia ile kitanda mwaka muzima. Anasema tuichukue, tukimaliza tuirudishe."

Tulijua sisi bote wawili namna batu banamalizaka na kitanda ya vile.

Nikaenda Beni. Ule mujane alikuwa mama munene wa heshima, na kitambaa nyeusi ku kichwa. Akatuingiza mu chumba. Kitanda ilikuwa inasimama peke yake katikati: chuma, rangi nyeupe yenye ilianza kubanduka, na manivela mbili ku miguu ya kitanda, ya kuzungusha. Juu yake hakuna kitu. Ni mabati nne tu zenye matundu, zimefungana na bawaba, sawa mulango ya kabati.

"Na matela yake, mama?" nikauliza; sikuona godoro.

"Matela ilienda na muzee."

Nilielewa, juu na kwetu ni vile. Matela yenye mutu amekufia haibakiake mu nyumba. Siku ya kumaliza kilio, batoto ba ndugu banaibeba mbali, banaichoma. Kitanda ya chuma, banaiosha na maji, inabaki. Donc kila mutu mwenye kuazima kitanda ya vile anapashwa kujitafutia matela yake.

Mujane akanishika mukono ku mulango. "Utachagua yako. Mais, mwanangu, usichague na macho."

Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sikumuuliza basi nichague na nini. Nilikuwa na haraka, kamio ilikuwa inapiga honi.

Tulipanda na ile kitanda nyuma ya kamio ya mbao, mimi na yaya, tumeifunga na kamba. Ku barrière moja musoda akasimamisha gari. Alikuwa kijana wa province ya mbali, Lingala yake ilikuwa inakimbia kuliko maskio yangu.

"Mama, oyo nini? Masini?"

"Ni kitanda ya mugonjwa, chef. Ya mama yetu."

Akapanda nyuma, akashika manivela moja, akazungusha. Kichwa ya kitanda ikaanza kupanda, pole pole, mbele ya barabara muzima. Akazungusha ya pili, pahali pa magoti pakainuka kama mulima ndogo. Bamama bale balikuwa banauzisha ndizi bakasimama. Ule kijana akatosha kofia.

"Nzambe," akasema, yaani Mungu. Kisha, mu Swahili ya kuvunjika-vunjika: "Mutu alifikiri hii… alikuwa anapenda mama yake."

Hakutuomba kitu. Akashuka, akainua barrière yeye mwenyewe, akapaza sauti, "Pesa ye mbote!" yaani tumusalimie mama. Mupaka leo ninamuweka mu maombi, ijapo jina yake siijue.

Sasa matela.

Mama yangu alizaa batoto munane juu ya majani kavu ya ndizi. Balikuwa banaiingiza mu mufuko, banashona, na kila mwaka kisha kiangazi banabadilisha. Mimi ni wa sita. Sauti ya kwanza ninakumbuka mu hii dunia ni ile majani, wakati mama anageuka mu usingizi: kwacha, kwacha. Tulipokuwa bakubwa tulimununulia matela ya sponji, akaikunja, akaiweka juu ya kabati ya bageni. Alisema ni ya siku ya padri akikuja. Padri hakulalaka pale hata siku moja.

Donc nilipoingia mu magazini ya matela ku soko, nilikuwa na kitu moja tu mu roho: safari hii mama atalala kama madame.

Muuzishaji alikuwa baba mumoja wa tumbo, anakaa juu ya matela zake sawa chifu. Matela zilipangwa mupaka ku mabati. Aliniona, akacheka.

"Maman, ya arusi ya binti?"

"Ya mama yangu. Ni mugonjwa."

"Ah, pole sana! Basi mama anastahili ile kubwa kabisa." Akavuta moja ya chini, nene, inafika karibu ku magoti yangu, na maua nyekundu na dhahabu, mu sashe yake ya plastiki inangaa. "Hii hata gavana hana. Piga ngumi."

Nikapiga ngumi. Sisi bote hapa tunapimaka matela na ngumi. Kama inasukuma mukono haraka, ni ya nguvu, haitashuka. Kama ngumi inabaki ndani, unaiacha. Hii ilisukuma ngumi yangu kama mbuzi.

"Na usitoshe sashe," akaniambia wakati wa kuifunga ku pikipiki. "Itabaki mupya miaka kumi."

Hakukuwa na lazima aniambie. Nyumba gani ya Butembo inatoshaka sashe? Matela, viti vya salon, hata kichwa ya frigo, tunaacha na sashe mupaka ipasuke yenyewe. Kutosha sashe ni kama kuvua nguo ya siku kuu ukiwa njiani kwenda kanisa. Na mimi nilijisifu na akili ingine: mama hawezi tena kujizuia, mukojo itakuwa inapita juu ya sashe, nitapanguza, basi. Nikatandika shuka nyeupe juu. Ile sashe ilikuwa inalia chini ya shuka, chwi-chwi, na mimi nikafurahi kuisikia, juu ilikuwa inaambia kila mutu ni mupya.

Bamama ba shirika yetu ya kanisa bakakuja siku ya kwanza, na mapera, na sabuni, na maombi. Kila mumoja aliinua kidogo shuka, aone.

"Eeh! Na sashe yake!"

"Mama huyu alizaa kweli!"

"Mimi batoto yangu batanilaza ku muchanga, mutaona."

Mama yangu akacheka na upande moja ya kinywa. Akasema, "Wasingya," yaani aksanti mu Kinande chetu, na akaniangalia mimi. Hakuna siku nilikuwa na kiburi kama ile. Nitaungama hapa vile niliungama kwa padri.

Mais kitanda na matela havikusikilizana. Nikizungusha manivela, chuma inapanda, matela inakataa kupinda. Ilikuwa nene sana. Ilibaki katikati kama daraja, na mama akiwa juu ya daraja, anateleza. Asubui tunamuvuta juu, mimi na bwana yangu, tunamushika ku makwapa. Kisha saa moja eko tena chini, kidevu ku kifua, miguu inagonga chuma. Sashe ilikuwa laini, shuka ilikuwa inakimbia naye. Bwana yangu akasema, "Hii kitanda inamutapika." Nilimukasirikia. Nilisema ni kuzoea, matela itapinda na wakati.

Kila asubui nilimuuliza mama, "Ulilala muzuri?"

"Muzuri sana, mwanangu."

Siku ya tisa nilikuwa ninamuogesha mugongo, nikaona chini kabisa ya mugongo, pale mufupa inafikaka karibu ya ngozi, doa nyekundu. Nikafikiri ni kipele. Nikapaka mafuta ya ngazi, ya mawese. Siku ya kumi na moja ile ngozi ilitoka ku kitambaa yangu sawa ngozi ya nyanya yenye imechemuka. Chini yake kulikuwa nyama.

Nilikaa chini ku sakafu ya sima ya chumba. Sikulia. Bwana yangu ndiye alienda kutafuta musaada.

Infirmière mumoja wa parokia yetu, muuguzi mufupi mwenye sauti ya kukata, alikuja mangaribi ile. Hakuanza na salamu. Aliinua shuka, akagusa sashe na kidole moja, kidole ikatoka na maji.

"Nani alilaza huyu muzee mu sashe?"

"Ni mimi."

"Wewe ungelala mu sashe siku kumi na moja, jasho yako yote ikibaki na wewe?"

Akanifundisha kuangalia. Alibonyeza na kidole pembeni ya kidonda, akaachilia. "Ona. Ngozi ya uzima, ukibonyeza inakuwa nyeupe, kisha damu inarudi. Hapa, ona, inabaki nyekundu tu. Damu imekwama. Iko inakufa." Kisha akaingiza mukono chini ya matela, kati ya matela na chuma, kiganja juu, sawa mutu anapokea kitu. "Na hapa, nguvu sana. Haimupokee, inamusukuma. Mifupa yake inafanya kazi ya kubeba yote, na nyama inasagwa katikati." Akanawa mikono. Akaniambia ku mulango, sauti chini: "Mama, sikia muzuri. Kama hii kidonda inafika ku mufupa, muzee hatakufa na tension. Atakufa na kidonda. Utafute matela ingine, kesho. Na kila saa mbili mumugeuze."

Aliniandikia masaa ku karatasi. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na batoto batatu, mu masomo ya mangaribi ya parokia, na sikuwaka na furaha ya kusoma karatasi kama ile, na uchungu pamoja.

Nikarudi mu chumba. Nikaongea na sauti ya hasira, juu woga yangu haikuwa na pahali ingine pa kwenda. "Mama, ilikuwa inakuluma?"

"Ilikuwa inaniunguza."

"Tangu siku gani?"

"Ya pili."

"Na unaniambia kila siku ulilala muzuri!"

Ule mukono wa kushoto, wenye uzima, ulikuwa unapapasa shuka. "Bamama balikuwa banakuja kuangalia," akasema. "Na wewe ulikuwa unasimama pale ku mulango… uso yako inangaa. Nikasema, aachwe kwanza afurahi."

Hapo sasa nililia.

Kesho yake, kisha misa ya asubui, nikashuka ku soko. Niliacha mama amelala ubavu juu ya kitanda ya batoto, binti yangu mukubwa anamushikilia. Mu njia maneno ya mujane ikanirudilia: usichague na macho. Na ngumi pia nilikuwa nimemaliza nayo. Ngumi inagusa mara moja, inaondoka. Mama haondoke.

Nikaingia mu magazini. Nikavua viatu.

"Maman? Ile ya maua ina shida gani?"

"Unitandikie ingine kama ile, na sashe. Nataka kulala."

"Kulala namna gani?"

"Kulala, papa. Sawa mutu."

Alifikiri ni mucheko. Nikapanda, nikalala chali, nikaweka mukono ya kuume juu ya tumbo kama ile ya mama, nikajikataza kutikisika. Nikatosha rozari mu mufuko. Saa sikuwa nayo, mais rozari ninajua murefu yake. Nikafunga macho nikaanza kwa sauti ndogo.

Bon, mwanamuke mwenye miaka yangu, na kitambaa ya shirika ku kichwa, amelala chali mu magazini saa tatu ya asubui, soko imejaa. Nilisikia batu banasimama.

"Amezimia?"

"Hapana, anapima usingizi!"

"Papa, siku hizi unauzisha na bageni ndani?"

Mama mumoja mwenye meza ya makayabo, yule anakaa mbele ya ile magazini na samaki zake za chumvi, akakaribia, nilimujua na harufu. "Mama, uko muzuri?" Nikafungua jicho moja, nikamuambia: mama yangu ana kidonda, hawezi kugeuka, nataka kusikia yale anasikia. Hakucheka. Akageukia batu. "Munyamaze! Hii ni mambo ya muzazi."

Na nilipofika "Maria Mutakatifu, Mama wa Mungu," sauti yake ikajibu pamoja na mimi. Kisha sauti ingine. Ile fumbo la pili, nadhani batu kumi balikuwa banajibu, na muuzishaji pia, juu angefanya nini, na eko pale ndani na tumbo yake.

Fumbo la tatu, visigino vikaanza kuwaka. Mugongo ilikuwa imelowana, sashe imeshika nguo. Ile mufupa ya chini, yenye sikujuaka hata niko nayo, ilikuwa inapiga kama moyo. Mwili yangu yote ilikuwa inaniomba kitu moja ndogo: sogea, kidole moja tu, sogea. Na mimi nikaikatalia. Nikawaza: siku kumi na moja. Mama yangu alilala hapa siku kumi na moja, hawezi kusogea kidole moja, na anasema muzuri sana, ili uso yangu ibaki inangaa.

Pale, juu ya ile matela, nilishikwa na woga, ule woga wa kanisani. Niliona kwanza sisi bazima tunasogea mara ngapi pasipo kujua. Mu misa, mu usingizi, mu mazungumuzo, saa yote mwili inajigeuza, inajiokoa, na hakuna mutu anaiambia. Nani aliweka ile kitu ndani? Nililala miaka makumi ine na kitu juu ya dunia hii, na sikuwaka nimeshukuru hata siku moja juu ya kugeuka.

Nikamaliza fumbo la tano. Kuamuka, bamama bawili balinishika, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Si hii," nikamuambia muuzishaji.

"Hata mimi nimeona," akasema.

Akatosha sashe ya matela zingine, yeye mwenyewe, bila kuombwa. Ile teketeke sana, yenye batu banapendaka kuita wingu, nililala, ilikuwa tamu kabisa. Mama wa makayabo akaingiza mukono chini, vile infirmière alinifundisha, kiganja juu. "Ayi! Mufupa yako hii hapa, nimeishika! Umefika chini kabisa!" Batu bakacheka, na mimi nikacheka. Ile ya katikati, mukono yake haikusikia mufupa, mais visigino yangu viliwaka. Tukajaribu ya vipande vya sponji iliyosagwa: mabonde na milima. Muuzishaji alikuwa anakuna kichwa. Mwisho akaleta vipande viwili vyembamba, kila moja unene sawa upana wa kiganja: moja ya nguvu, moja ya teketeke. Akaweka ya nguvu chini, ya teketeke juu. Nikalala. Mama wa makayabo akaingiza mukono.

"Nasikia uzito," akasema. "Mufupa, hapana."

Nikasali makumi moja ya rozari. Mbili. Tatu. Visigino vilikuwa kimya. Kila mutu alikuwa ananiangalia ku uso, sawa banangojea mutoto azaliwe.

"Ni hii," nikasema. Na soko ikapiga mikono.

"Sasa, papa, uikate."

"Nikate nini?"

"Mara tatu. Kitanda yangu inapinda pahali tatu. Na yenyewe ipinde pale."

Alishika kichwa. "Kukata matela mupya! Maman, mimi nauzisha matela tangu niwe kijana, sijakataka hata moja. Hiyo ni zambi!"

"Zambi ni ile nilifanya mimi," nikamuambia. "Leta kisu."

Alileta kisu ya mukate. Nilikuwa nimepima kitanda na kamba, mafundo pahali pa kila bawaba. Alikata ku fundo, nusu tu ya kina, kutoka chini, ili juu ibaki moja. Fundi wa nguo wa pembeni akashona mufuko wa pamba, bila maua, bila sashe, wenye kufunguka ku ubavu tuufue.

Mangaribi tukamulaza mama. Nikazungusha manivela. Kichwa ikapanda, na matela ikapanda nayo, ikapinda pale pote, kama mukono ku kisukusuku. Magoti yakainuka. Mama hakuteleza. Alikaa. Alikaa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu shamba ya maharagi, akaona muti wa avoka ku dirisha, na kuku, na bwana yangu anafua. Alimuangalia bwana yangu akifua, muda murefu.

"Kumbe," akasema.

Kisha ikabaki kungojea. Kila saa mbili, ubavu wa kushoto, mugongo kidogo, ubavu wa kuume, mito kati ya magoti, visigino vinaelea. Bamama ba shirika bakagawanya mchana kati yao, na safari hii hawakuinua shuka kuangalia matela. Baliinua ili kumugeuza mama. Infirmière alikuja kila siku ya pili kusafisha. Juma ya kwanza kidonda ilikuwa kubwa kuliko mbele, akasema nyama yenye kufa inapashwa kwanza itoke. Mimi nilimushikia taa, na nilikuwa naona tundu ndani ya mama yangu, pahali ningeweza kuweka yai. Nilikuwa nasali bila maneno.

Juma ya tatu akaniita. "Karibia. Unaona?"

Chini ya tundu kulikuwa punje punje, nyekundu safi, zimebanana sawa mtama.

"Ni nini? Inaoza?"

"Ni nyama mupya. Inapanda."

"Nani anaipandisha?"

Yule mwanamuke wa sauti ya kukata akafunika kidonda kwanza. "Mimi nasafisha, nafunika," akasema. "Wewe unageuza. Kushona, sijaonaka mwenye kushona."

Kila alipofungua, nilikuwa pale. Punje zilijaa, tundu ikawa bakuli, bakuli ikawa sahani. Kisha kutoka pembeni ngozi ikaanza kutembea, nyembamba, rangi ya waridi ku mwili mweusi wa mama, inaenda katikati kila siku kidogo, sawa maji inarudi mu mutoni kisha kiangazi. Mwili wa mwanamuke muzee, nusu yake imekufa, mwenye amezaa munane na kuzika batatu, na ndani yake bado kulikuwa mutu wa kazi, anaamuka asubui, anajenga. Nimeona vitu vikubwa mu hii mji yetu, vingine vya kutisha, sitavisema. Hakuna kimoja kilinipigisha magoti kama ile ngozi.

Kidonda ilifunga kisha miezi mitano, siku moja ya Alhamisi. Infirmière akabonyeza, akaangalia, akasema tu, "Bon," na akafunga sanduku yake. Alipoenda, mimi nikabaki na mama, amelala ubavu, jua inaingia ku dirisha. Nikaweka kidole pale. Nikabonyeza. Ngozi ikawa nyeupe. Nikaachilia, na damu ikarudi, waridi, haraka, kama mutu ameitwa jina.

Nikabonyeza tena. Nyeupe. Ikarudi.

Nikabonyeza tena, na tena. Sikuweza kuacha.

Mama akageuza kichwa ku muto, na ile kinywa yake ya kupinda.

"Weye," akasema, sawa muuzishaji wa soko. "Unanunua, ao unaangalia tu?"